Namna ya Kupima Msongamano na Ucheleweshaji wa Treni ya Abiria Mombasa, Hadi Barua Imfikie Anayehusika

Malalamiko kuhusu usafiri hayajawahi kupungua Mombasa. Barazani, kwenye kahawa, kwenye foleni ya feri, kila mtu ana kisa chake cha kubanwa na cha kucheleweshwa. Kisha siku ya mkutano inafika, ofisa anasimama na karatasi yake, anasoma wastani wa abiria na wastani wa dakika, na kila mwenye kisa ananyamaza kwa sababu hana namba ya kumjibu. Mwongozo huu ni wa kukupa namba hiyo. Unahitaji kalamu, karatasi, saa, leso moja, na wenzako wanne au watano wanaoamka mapema.

Nimeandika nikiwa na reli ya abiria akilini, yaani njia ya zamani inayotoka stesheni ya kisiwani, mwisho wa Barabara ya Haile Selassie, kuelekea Changamwe na Miritini. Ukipenda kupima feri ya Likoni au matatu za Kongowea, njia ni hiyo hiyo. Utabadilisha tu majina ya safu kwenye karatasi.

Kwanza, ijue njia unayoipima

Watu hurukia kuhesabu kabla hawajajua wanahesabu nini. Reli ya zamani ilianza kutandazwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na upana wake ni milimita 1,000. Reli ya SGR, yaani ile mpya ya upana wa kawaida, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435. Kwa hiyo treni ya Nairobi haiwezi kuingia kisiwani kwa reli ya zamani hata ikitamani. Abiria wote wanashuka Miritini, kwenye kituo cha mwisho cha SGR, wanahama na mizigo yao.

Hapo ndipo tabia ya msongamano wa Mombasa inapotofautiana na ya miji mingine. Kwengineko watu hujaa pole pole asubuhi, wakapungua pole pole. Hapa kuna wimbi la wafanyakazi na wanafunzi wa asubuhi, halafu kuna mafuriko ya ghafla, mamia ya watu wanaomwagika kwa pamoja treni ya Nairobi ikifika, kila mmoja na sanduku. Treni ya mjini inaweza kuwa nusu tupu saa nzima kisha ikashindwa kufunga milango dakika kumi baadaye. Ukipima saa moja tu ya siku, utapata nusu ya habari.

Jambo la pili la kujua ni kama sehemu unayoipima ina njia moja ya reli au mbili, na treni zinapishana wapi. Tuseme kipande cha njia moja huchukua dakika 15 kwenda na 15 kurudi, na hakuna pahali pa kupishana katikati. Treni zikipokezana kwenda na kurudi, hutapata treni ya upande wako chini ya kila dakika 30, hata serikali ikinunua vichwa kumi vipya. Anayedai "ongezeni treni" kwenye njia kama hiyo anaomba kisichowezekana, na ofisa atafurahi kumwambia hivyo mbele ya watu. Dai lake lingekuwa mabehewa zaidi kwenye treni iliyopo, au sehemu ya kupishana. Pia angalia urefu wa jukwaa, maana treni ikiizidi stesheni kwa urefu, milango ya nyuma itafunguka hewani, au haitafunguliwa kabisa.

Haya yote unaweza kuyapata kwa kuuliza kwa adabu. Mwendee stesheni masta saa ambazo hakuna treni, umsalimu, umweleze: "Sisi ni abiria wa hapa, tunataka kuelewa treni zinavyopishana." Wafanyakazi wa reli, wa zamani hasa, hupenda kueleza kazi yao. Usimwendee na hasira za jana.

Chagua swali moja

Maswali ni matatu na yana majibu tofauti. Treni inajaa kiasi gani? Abiria anangoja muda gani? Treni inatimiza ratiba yake mara ngapi? Kikundi kidogo kikijaribu yote matatu wiki ya kwanza, kitapata karatasi nyingi zenye mapengo. Anza na lile linalowauma zaidi watu wa stesheni yenu. Changamwe huenda likawa nafasi, kwa sababu treni inawafikia imeshajaa. Mwisho wa njia huenda likawa ratiba.

Leso kama kipimo

Wapangaji wa reli duniani hupima msongamano kwa idadi ya watu waliosimama kwenye mita moja ya mraba ya sakafu. Wanne kwa mita ya mraba ni hali ya kawaida ya treni yenye watu: unaweza kushika simu, unaweza kugeuka. Wakifika sita, miili inagusana pande zote na anayetaka kushuka lazima aanze safari ya mlangoni kabla ya kituo chake. Wanane ni kubanwa hasa. Mumbai nchini India, mji unaotajwa kila mara msongamano wa treni unapozungumzwa, imefika 14 hadi 16, kiwango ambacho maofisa wa reli wa huko walilazimika kukiundia jina lake.

Sasa, hakuna atakayekuruhusu kutandaza futi kamba ndani ya behewa lililojaa. Fanya zoezi nyumbani. Leso moja ikitandazwa huwa na urefu wa takriban mita moja na nusu na upana wa karibu mita moja, kwa hiyo ni kama mita ya mraba moja na nusu. Wasimamishe watu sita juu yake: hao ni wanne kwa mita ya mraba. Ongeza hadi tisa: hao ni sita. Wakifika kumi na wawili, na watafika kwa vicheko na kukanyagana, hao ni wanane. Kila mhesabuji asimame katikati ya kila kundi na ajikumbushe mwili wake unavyohisi, mikono iko wapi, anaweza kuona sakafu au la. Rudieni hadi watu wanne wakitazama kundi moja wanataja namba moja. Zoezi hili ni la jioni moja na ndilo litakaloipa kazi yenu uzito, kwa sababu mtu akiuliza "mlijuaje walikuwa sita?" mtakuwa na jibu.

Ukiwa kwenye treni, simama pahali pale pale kila siku, karibu na mlango ule ule, na uandike namba moja tu: nne, sita au nane. Usijaribu kuandika tano na nusu. Andika pia behewa la ngapi kutoka mbele. Mara nyingi utagundua kwamba behewa lililo karibu na lango la stesheni linafurika na la mwisho lina nafasi. Tatizo hilo linatibiwa na bango na mfanyakazi mmoja wa kuelekeza watu, bila shilingi ya ziada ya Hazina.

Karatasi na wahesabuji

Kwa hesabu ya jumla ya abiria, weka mtu mmoja kwa kila mlango jukwaani. Anahesabu wanaopanda tu. Kushuka kunahesabiwa na mwingine. Mtu mmoja akihesabu yote mawili mlango mmoja uliojaa, atakosea, na hatajua amekosea.

Safu za karatasi ziwe chache: tarehe, stesheni, saa ya ratiba, saa treni iliposimama, saa ilipoondoka, mabehewa mangapi, waliopanda, waliobaki jukwaani, na kiwango cha leso. Hiyo ya waliobaki jukwaani wengi huisahau, na kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Aliyeshindwa kupanda hayumo kwenye hesabu ya tikiti zilizochanwa wala kwenye hesabu ya ndani ya behewa. Mtoa huduma hamwoni popote. Ni karatasi yenu tu inayomwona.

Saa za simu zote zilinganishwe kabla ya kuanza. Na simu ibaki mfukoni baada ya hapo. Maeneo ya reli na ya bandari yana ulinzi, na kupiga picha bila ruhusa kunaweza kuwaletea maswali yatakayomaliza asubuhi yenu. Tena nyuso za watu hazihitajiki. Mnahesabu vichwa, hamkusanyi majina.

Kuhusu siku: usichague siku mbaya pekee. Chukua Jumatatu asubuhi, siku moja ya katikati ya wiki, na Ijumaa. Ongeza wiki ya kufungua shule na siku moja ya mvua ya masika. Mwezi wa Ramadhani upime peke yake na usiuchanganye na mingine, kwa kuwa jioni watu wote wanataka kuwa nyumbani kabla ya futari, na wimbi la kurudi linasogea na kubanana zaidi. Desemba vile vile ni dunia nyingine kwa sababu ya wageni. Mkichanganya Ramadhani, Desemba na Julai kwenye wastani mmoja, mtakuwa mmepata namba ambayo haikuwahi kutokea siku yoyote.

Hesabu: hapa ndipo mnapopotezwa

Soma sehemu hii mara mbili. Tuseme asubuhi moja zimepita treni nne, kila moja ina viti 200. Ya kwanza ilibeba watu 80, ya pili 120, ya tatu 400, ya nne 200. Jumla ni 800. Ukigawa kwa nne unapata 200, na taarifa itasoma: "Kwa wastani kila abiria alikuwa na kiti." Hesabu yenyewe haina kosa, lakini ni hesabu ya treni.

Hesabu ya abiria ni nyingine. Kati ya watu hao 800, mia nne, nusu nzima, walikuwa kwenye ile treni moja yenye watu mara mbili ya viti. Ukiwauliza wote 800 mmoja mmoja, "mlikuwa wangapi ndani?", kisha uchukue wastani wa majibu yao, utapata 276. Namna ya kuupata: zidisha kila idadi kwa yenyewe (80 mara 80, 120 mara 120, na kadhalika), jumlisha, kisha gawa kwa jumla ya abiria. Mstari mmoja wa kikokotoo. Treni tupu haina watu wa kuisimulia, iliyojaa ina mashahidi mia nne; ndiyo maana ofisi na mtaa havielewani, na wote wanasema kweli.

Kungoja kuna mtego wa aina hiyo hiyo. Ratiba inasema treni kila dakika 20, kwa hiyo anayefika ovyo ovyo angengoja dakika 10 kwa wastani. Siku hiyo mapengo yakawa dakika 5, 40 na 15. Jumla ni 60, treni tatu kwa saa, na taarifa itasema huduma imetimia. Lakini watu wengi zaidi huangukia lile pengo la 40, kwa kuwa ndilo refu. Zidisha kila pengo kwa lenyewe: 25, 1,600, 225. Jumla 1,850. Gawa kwa mara mbili ya muda wote, yaani 120. Unapata dakika 15 na kidogo. Hakuna treni iliyofutwa, ila kungoja kumeongezeka kwa nusu. Na ile treni iliyokuja baada ya dakika 40 imekuta umati wa dakika 40, ikajaa. Ya baada ya dakika 5 ikapita tupu. Kuchelewa na kujaa ni ugonjwa mmoja.

Kuhusu kutimiza ratiba, amueni mapema dakika ngapi ni kuchelewa. Uingereza kwa miaka mingi ilihesabu treni za mjini kuwa zimefika kwa wakati zikichelewa chini ya dakika tano, na za safari ndefu chini ya kumi. Tumieni tano. Treni iliyofutwa ihesabiwe kuwa imechelewa, isiondolewe kwenye orodha. Na pimeni stesheni za katikati, si mwisho wa njia tu: ratiba nyingi huwekewa dakika za ziada kuelekea mwisho, treni ikachelewa Changamwe na bado ikafika kituo cha mwisho "kwa wakati."

Faida moja ya haraka, kabla hata ya barua yoyote. Ukishakuwa na safari 20 zilizoandikwa, panga muda wa safari nzima, kungoja na kusafiri, kutoka mdogo hadi mkubwa, utazame wa 19. Huo ndio muda wa kupangia siku ambayo huruhusiwi kuchelewa: mtihani, kortini, hospitali, au treni ya Nairobi. Wastani ni wa siku za kawaida. Kwa treni ya Nairobi ongeza angalau saa nzima juu yake, maana Miritini kuna kukaguliwa, mizigo kupangwa kwa mstari na mbwa kupita, na foleni ya hapo haikungojei kwa sababu umetoka mbali.

Tafuta chanzo kabla ya kudai dawa

Simameni na saa mlangoni mpime treni inakaa stesheni muda gani kuliko ratiba inavyosema. Ikiwa inafika kwa wakati na kuondoka imechelewa, tatizo liko mlangoni: mizigo, ngazi, watu wanaopanda kabla wengine hawajashuka. Ikiwa inafika tayari imechelewa na mlangoni haipotezi muda, tatizo liko nyuma, pengine inangoja kupishana. Ikiwa inafika kwa wakati, inaondoka kwa wakati, na inaacha watu, basi ni fupi mno. Kila chanzo kina dawa yake, kuanzia ya bure hadi ya mabilioni, na barua inayotaja chanzo hujibiwa tofauti na barua inayolia.

Barua

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaeleza namna. Unaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili. Hulazimiki kueleza sababu, na ombi lenyewe halilipiwi. Unaweza tu kutozwa gharama ya kutoa nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza siku 14 mara moja tu. Jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ukikataliwa, unaweza kuomba uamuzi upitiwe na Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30. Kunyamaziwa hadi muda upite huhesabiwa kuwa umekataliwa, kwa hiyo hesabu siku zako.

Usiandike "naomba habari zote kuhusu treni." Andika hivi:

"Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala za kumbukumbu zifuatazo za treni ya abiria ya asubuhi, kwa miezi mitatu iliyopita: saa halisi za kuondoka na kufika katika kila stesheni, idadi ya mabehewa na viti kila siku, idadi ya tikiti zilizouzwa kwa kila safari, na orodha ya safari zilizofutwa pamoja na sababu."

Ambatisha ukurasa mmoja wa matokeo yenu, si karatasi zote. Peleka kwa mkono, upigiwe muhuri wa kupokewa kwenye nakala yako. Nakala isiyo na muhuri ni hadithi.

Barua iende wapi? Jedwali la Nne la Katiba limeiweka reli chini ya serikali ya kitaifa, kwa hiyo mambo ya treni yenyewe ni ya Shirika la Reli la Kenya na wizara yake. Lakini usafiri wa umma wa barabarani, maegesho, taa za barabara na hata feri vimetajwa chini ya kaunti. Ikiwa shida yenu ni kwamba treni inafika usiku na njia ya kutoka stesheni ina giza, au matatu hazina pa kungojea abiria, hilo ni la Bunge la Kaunti. Kumsumbua mwakilishi wadi kuhusu mabehewa ni kumpa nafasi ya kusema si kazi yake, na atakuwa na haki.

Barua zikishindikana, kuna ombi rasmi bungeni. Kifungu cha 119 kinamruhusu kila mtu kuliandikia Bunge, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inatoa ruhusa kama hiyo kwa Bunge la Kaunti. Kwa yale yanayohitaji fedha za kaunti, angalieni kalenda: taarifa ya sera ya fedha hupelekwa kwenye Bunge la Kaunti kufikia 28 Februari. Namba zikiwasili Machi, zimeikosa taarifa hiyo. Kwa hiyo hesabuni Oktoba na Novemba, andikeni Desemba.

Kuna wakati wa kuweka kalamu chini

Mombasa haihitaji kufundishwa hatari ya chombo kilichojaa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na watu 272 wakafa. Ukiona watu wananing'inia mlangoni, treni inaondoka na mlango wazi, au umati unasukumana ukingoni mwa jukwaa, acha kuhesabu. Mwambie mlinzi na stesheni masta papo hapo, andika saa na cheo cha uliyemwambia, na barua ya siku hiyo itumie kipengele cha saa 48.

Jibu likija, hata likiwa zuri, linganisheni kwanza kumbukumbu zao na karatasi zenu za tarehe zile zile. Tofauti ya dakika moja au mbili ni ya saa, tofauti ya dakika kumi ni ya kuulizia kwa barua ya pili. Na wakiongeza behewa, rudini jukwaani mwaka unaofuata, mwezi ule ule, mlango ule ule, na wahesabuji wale wale mkiweza kuwapata.